Bakuli la Haraka

Sindano alipitisha kidole juu ya mnofu wa samoni, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto kutafuta homa ilikojificha. Kidole kilipogota ncha ya mwiba, koleo ndogo ya mkono wa kulia ilishuka, ikabana, ikavuta kuelekea upande wa kichwa, na mwiba ukadondoka kwenye sahani ya bati: ti. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Dukani, nyuma ya kioo cha kuonyeshea samaki, hakuna aliyekumbuka tena kwamba wazazi wake walimwita jina jingine.

Siku hiyo miiba ilikuwa inatoka kirahisi mno.

Samaki mzima huung'ang'ania mwiba wake. Sharti uuvute kwa ubishi kidogo, na mnofu uinuke nao kabla ya kukubali kuuachia. Hawa walikuwa wanaachia tu, kama mtu aliyechoka kugombana. Sindano aliona, akanyamaza. Alikuwa ananyamaza tangu Jumatatu.

Yaliyotokea yalikuwa hivi. Jumamosi jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Jenereta ya duka ilikuwepo, tena nzima, lakini dizeli ilikuwa imepanda bei, na tajiri mwenye duka alishatoa amri isiwashwe mpaka yeye aulizwe. Naye tajiri, Jumapili huzima simu yake apumzike. Jumatatu asubuhi Sindano alipofungua chumba cha baridi, ule ukungu mweupe aliouzoea haukumpiga usoni. Kilichompiga ni uvuguvugu. Umeme ulikuwa umesharudi, mashine inanguruma kana kwamba haijawahi kulala, lakini chini ya mlango palikuwa na kidimbwi cha maji ya rangi ya waridi.

Msimamizi wao waliyemwita Shemeji alikuja akakitazama kile kidimbwi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa sababu wanawake wote wa pale aliwaita shemeji, nao wakamrudishia. Alikuwa mcheshi. Ukifiwa, wa kwanza kufika kwako ni yeye. Ukifukuzwa kazi, wa kukuletea habari ni yeye vilevile, na sauti ni ile ile.

"Haya mashemeji," alisema, akiinua suruali isilowe, "suuzeni kwa maji ya chumvi na siki, mrudishe kwenye barafu. Samaki ni samaki."

"Hawatasimama kwenye kioo, Shemeji," Sindano alimwambia. "Wamelegea."

"Nani kasema wasimame? Kateni vipande vidogo vidogo, tieni sosi. Samaki akichoka huvalishwa."

Wenzake walicheka, na Sindano alicheka nao. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa bakuli la haraka. Kilikuwa kiboksi cha plastiki, ndani yake vipande vya samoni vya ukubwa wa dadu vimelala kwenye sosi ya soya, tangawizi, sukari na ufuta, na juu yake kadi yenye picha: wali mweupe, samaki mwekundu wa kung'aa, parachichi na tango vimepangwa kama maua. *Pika nyumbani kwa robo saa! Samoni kwa kila familia!* Bei ilishushwa. Watu ambao miaka yote walikipita kile kioo kama wanavyopita duka la dhahabu, sasa walisimama, wakasoma kadi, wakatabasamu wenyewe, wakanunua.

Basi siku hiyo ya miiba milegevu, mwenzake wa mizani alimsogelea, macho yakiwa kwenye mizani.

"Umesikia? Simu ya ofisini jana imelia mpaka imechoka. Kuna mtu kalazwa."

"Kwa nini?"

"Eti uso ulimvimba, moyo ukamwenda mbio. Shemeji kawajibu ni karanga."

"Kwani kwenye sosi yetu kuna karanga?"

"Usiniulize mimi, mwenzangu. Mimi napima tu."

Muda wa kutoka ulipofika, Shemeji alimngoja Sindano kwenye kijia cha nyuma ya duka, penye ndoo na mifagio. Mkononi alikuwa na kiboksi.

"Shemeji yangu Sindano. Nyumbani una binti anasoma, na mama mkwe, au nakosea?"

"Hukosei."

"Basi leo maharage yapumzike. Shika."

Sindano hakushika. Alikitazama kile kiboksi kama mtu anayeonyeshwa mbwa na kuambiwa haumi.

"Acha hofu," Shemeji alicheka. "Hii siyo ile. Asubuhi si umeona boksi jipya limeingia? Hii ni ya humo, nimekutilia sosi kwa mkono wangu. Na jioni nitapita kwako kuwasalimia."

"Kwangu? Kuna nini?"

"Kwani shemeji haendi kwa shemeji zake? Sikia. Kesho bwana afya anakuja kukagua. Hatataka kusikia kutoka kwangu, mimi navaa tai. Atataka kumsikia anayewakata. Ukimwambia, 'Nimepika kwangu, nimekula na familia yangu, tumeshiba,' nani atabishana nawe?" Alimwekea kiboksi mkononi, akavifunga vidole vya Sindano juu yake kimoja kimoja. "Halafu mkataba wako unaisha mwezi huu. Sijasahau. Nautazama kwa jicho zuri."

Njiani Sindano alikifungua kidogo, akakinusa. Hakusikia kitu. Si ajabu, maana ile miaka ya baridi na dawa ya kuoshea sakafu ilikuwa imeiua pua yake. Hata maziwa ya nyumbani alimpa binti yake ayanuse. Akabonyeza kipande kimoja kwa kidole gumba. Kilikuwa laini, lakini sosi nayo hulainisha. Ni kweli boksi jipya liliingia asubuhi, alilishuhudia kwa macho yake. Mwenye shida ukimpa sababu moja, ya pili hujitafutia mwenyewe. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, na simu zake zilikuwa zimeanza kuja kama mvua ya kiangazi. Mkataba ukiisha, kodi ya kile chumba kimoja na ukumbi wangeitoa wapi?

Alisimama kwenye kibanda cha mboga. Mwenye kibanda siku hizi aliuza parachichi nusu nusu, amelifunga nailoni lisigeuke jeusi.

"Nusu ya pili anachukua nani?" Sindano aliuliza.

"Mwenzako mwenye shida kama yako, dada. Hamjuani tu."

Nyumbani, binti yake alipoiona ile kadi alipiga ukelele uliomwamsha bibi kwenye kiti.

"Mama! Ndiyo hii! Ndiyo hii hii wanapika kwenye simu, watu wote wanapika! Bibi, tunakula samoni!"

"Tunakula nani?" aliuliza mama mkwe, akiiweka sawa khanga ya mabegani. Alikuwa mwembamba, mifupa ya mikono inaonekana, lakini ulimi wake haukuwa umezeeka hata kidogo. Alimwita mjukuu wake mke mwenza, na mambo yao yalikwenda kwa utani kutwa nzima.

"Samoni, bibi. Samaki wa matajiri."

"Matajiri wamekula wakashiba mpaka wakatukumbuka sisi? Hilo nalo litazame vizuri, mke mwenza."

Sindano alicheka. Akawasha jiko. Wali wa jana ulikuwepo kwenye sufuria, umeshikana kama tofali. Binti yake alisimama mlangoni na kadi, akisoma kwa sauti ya mtangazaji.

"'Chukua wali uliolala. Weka kipande cha barafu juu yake, funika, tia kwenye maikrowevu.'"

"Barafu!" bibi alidakia. "Barafu ndani ya chakula cha moto! Aliyeandika hapo amewahi kuingia jikoni?"

"Ni ya kurudisha unyevu, bibi. Inafanya wali uwe kama umepikwa sasa hivi."

"Na hiyo maikro nini, tunaazima kwa nani?"

Barafu Sindano aliishika kutwa nzima mpaka vidole vikafa ganzi, ila kwake hapakuwa na barafu. Alilowesha vidole, akaunyunyizia wali maji, akauchambua kwa uma punje kwa punje, akafunika na kupunguza moto. Baada ya muda mfupi mvuke ulianza kuinua kifuniko, na wali ukalainika, ukawa mweupe na mwepesi. Tango alilikata nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, akalitia chumvi na kuliminyia ndimu. Parachichi alililaza kifudifudi, akalipitisha kisu, akalisukuma kwa kiganja likafunguka kama kipepeo.

Kisha akaweka kikaango na mafuta kidogo. Alimimina nusu ya kiboksi, nusu akaihifadhi kwa kesho. Sosi iliruka na kulia. Sukari ikaanza kukoza, vipande vikageuka kutoka wekundu hadi waridi, vikavaa ngozi ya kahawia inayong'aa. Nyumba nzima, alisema binti yake, inanukia hoteli. Sindano hakuvitoa vile vipande pale kadi iliposema vitolewe. Aliviacha vichemke, akavigeuza, akaviacha tena. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba moto unaua kila kitu.

Moto unaua vingi. Hauui vyote.

"Nionjeshe chumvi, mwanangu," mama mkwe aliomba, amenyoosha kiganja kama mtoto. Siku nyingi hakuwa ameomba chakula. Ilikuwa ni kubembelezwa tu. Sindano alisita, na mara hiyo hiyo mlango ukagongwa.

"Hodi wenye nyumba! Harufu imenishika mkono barabarani, ikanileta!"

"Karibu, Shemeji."

Aliingia na chupa ya soda kwapani, tai ameilegeza. Aliwasalimia wote vizuri, akamwamkia bibi kwa adabu zote, akauliza masomo ya binti. Kumbe bibi, huku watu wanasalimiana, alikuwa ameshajisogeza akajichotea kipande kwenye kikaango na kukitia mdomoni.

"Ala! Bibi ametuwahi!" Shemeji alisema, na simu ikawa imeshafika mkononi mwake. "Ngoja, bibi, rudia. Chukua kingine. Nitazame mimi. Haya, tamu?"

Bibi, ambaye hakuna aliyempiga picha tangu enzi za ujana wake, alijitengeneza khanga, akatafuna, akatabasamu. "Tamu, mwanangu. Ila inachomachoma ulimi. Mmetia pilipili?"

"Hatujatia," binti alisema.

"Tangawizi hiyo, bibi," Shemeji alijibu haraka, akaizima simu.

Sindano alipakua. Mabakuli manne, wali chini, samaki katikati, tango upande huu, parachichi upande ule, na sosi ya mwisho ya kikaangoni akaipitisha juu kwa kijiko. Yalifanana na picha ya kwenye kadi kuliko alivyotegemea, na kwa kitambo alijisikia fahari. La mgeni alilitanguliza.

"Mgeni aanze," alisema.

"Ah, mimi ni mtu wa nyumbani, shemeji. Kuleni tu."

"Mgeni aanze," bibi alirudia, na hilo halikuwa ombi.

Shemeji alichota. Alichota wali wa ukingoni, ule ambao sosi haikuufikia. Akala tango. Akala parachichi. Akachota tena wali, akizunguka ule mlima wa samaki kwa uangalifu, kama mtu anayefyeka nyasi kuzunguka mzinga wa nyuki.

"Mwanangu," bibi alisema, "mbona unadonoa pembeni kama kuku mgonjwa? Samaki huyo hapo katikati, hajahama."

"Namfaidi mwishoni, bibi."

Sindano alikitazama kijiko cha Shemeji, akamtazama usoni. Lile tabasamu lilikuwepo pale pale, lakini juu ya mdomo jasho lilikuwa limeanza kutoka.

"Kula samaki, Shemeji."

"Nakula."

"Hujamla. Kimoja tu. Mbele yangu."

Shemeji alikigeuza kipande kimoja kwa ncha ya kijiko, akakigeuza tena, kana kwamba anatafuta mlango wake. "Tumbo langu na vitu vitamu vitamu haviivani, unajua tena."

Binti alikuwa ameshapeleka kijiko chake karibu na mdomo. Sindano alinyoosha mkono, akaukamata ule mkono mdogo hewani.

"Weka chini."

"Mama! Lakini mama..."

"Nimesema weka chini."

Alikusanya mabakuli, moja juu ya jingine, tango na parachichi vikapondana. 

"Lile boksi jipya," Sindano alisema, bila kugeuka. "Halikufunguliwa, sivyo?"

"Boksi jipya lina mteja wake, shemeji. Hoteli." Shemeji alijifuta midomo kwa kitambaa. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya msibani na ya kufukuzia watu kazi. "Usinichukulie vibaya. Mimi pia naagizwa. Mimi pia nina watoto."

"Wanao wamekula hii?"

Shemeji alisimama, akachomeka simu mfukoni. "Video ninayo. Bibi katokea vizuri, utadhani muigizaji. Sasa kesho wewe utasema tu yale ambayo video imeshasema. Usichelewe kazini." Mlangoni aligeuka. "Soda nimewaachia."

Mlango ulipofungwa, binti alianza kulia kimya kimya, machozi ya njaa na ya aibu kwa pamoja. Sindano alikwenda kumwaga. Aliporudi alimkuta mama mkwe amejivua khanga, anajipepea kwa ile kadi.

"Humu ndani kuna joto, au ni mimi?"

"Joto gani, mama? Dirisha liko wazi."

"Uso unaniwaka. Na moyo..." Bibi aliweka kiganja kifuani, akasikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje. "Moyo unagonga, mwanangu. Unagonga kama unadai."

Shingoni mwake mabaka yalikuwa yameanza kujitokeza, makubwa, yamevimba, yametapakaa kama ramani. Sindano hakungoja mengine. Alikitia kile kiboksi chenye nusu iliyobaki ndani ya mfuko, akambeba mama mkwe mgongoni kama anavyobebwa mtoto, na binti akatangulia kuomba njia. Taa za barabarani zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Bibi alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko boksi la samaki, na pumzi yake ilimpuliza Sindano sikioni, fupi fupi na ya moto. Hata hivyo utani ulikuwa haujamtoka.

"Matajiri wamenikumbuka kweli," alisema.

"Nyamaza, mama. Usiseme."

Hospitalini, muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyeupe, macho ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Alimlaza bibi, akampima, akatazama mabaka, akamwekea hewa puani. Alikuwa akivunja kichwa cha chupa ya dawa alipouliza, bila kuinua macho:

"Amekula nini?"

Binti alimtazama mama yake.

Neno karanga lilikuwepo pale pale kwenye ulimi wa Sindano, tayari limeshatafunwa na mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kulitema tu. Angelitema, kesho angeingia kazini, angevaa aproni, angemwambia bwana afya tumekula tumeshiba, na mkataba ungetazamwa kwa jicho zuri. Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa unapapasa shuka, unatafuta kitu cha kushika, na Sindano akampa wake.

"Samaki," alisema. "Samoni. Alilala chumba kisicho na umeme tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu. Tulimwosha kwa siki, tukamtia sosi, tukauza. Nilimkata mimi, dada. Kwa mikono hii. Na bado wanauza."

Muuguzi alimchoma bibi sindano, akafuta kwa pamba, akabandika plasta. Alifanya yote hayo kwa utulivu wa mazoea. "Atapata nafuu," alisema. "Samaki wa hivyo hutengeneza sumu isiyotolewa na moto. Mmewahi. Mngechelewa... yule wa jana alichelewa." Kisha akaugeukia mfuko. "Nionyeshe."

Sindano alikitoa kile kiboksi, akakiweka kwenye meza ya bati. Binti naye akaiweka ile kadi karibu yake, maana aliitoa mkononi mwa bibi walipotoka, na bado alikuwa ameishika. Muuguzi aliitazama picha: wali mweupe, parachichi, samaki anayeng'aa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno machache.

"Hii ya robo saa?"

"Ndiyo hiyo."

Alivua glavu moja, ya pili ikamgomea, akaivuta kwa meno. Simu aliitoa mfukoni, akasogea dirishani ambako mtandao unashika.

"Nimenunua mbili asubuhi," alisema, hakuna ajuaye kama alikuwa anamwambia Sindano au kioo cha dirisha. "Bei ilikuwa nzuri. Nikawaambia wanangu, mkitoka shule wala msinisubiri, ni rahisi, pikeni wenyewe."

Simu iliita. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

"Unakaa mtaa gani, dada?" Sindano aliuliza, ameshasimama, ameshamwachia binti mkono wa bibi. "Nielekeze. Nakimbia mimi."

Muuguzi aliinua kidole kumwomba anyamaze, maana alikuwa amepiga tena, na simu ilikuwa inaita.